Mraba wa Tano

Siku walimu vijana waliponiaga, walinipa redio ndogo, wakampa mama watoto kitenge, kisha wakaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, na mshahara wa mwalimu mnaujua wenyewe, hauna hadithi. Nitawaandikia habari za miche, za kamba ya katani, na za mwanamke mmoja niliyemwonea wivu miaka tisa bila kupumzika hata Jumapili. Anaitwa Mwalimu Mwanahawa. Ndiye aliyekalia kiti changu sasa pale Mikumi.

Nilianza kazi Mvumi, huku Kilosa, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Nilifika kwa miguu, viatu vimening'inia begani kwa sababu ya tope, cheti cha ualimu kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Mwalimu Mkuu alikuwa Mzee Yohana, mtu mfupi mwenye sauti ya kengele. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba. Hesabu unajua?" Nikasema najua, nimefundishwa chuoni. Akasema, "Chuoni wamekufundisha ubaoni. Vaa viatu vyako, twende shambani."

Huko ndiko nilikoikuta kamba. Ilikuwa kamba ya katani kutoka mashamba ya mkonge, ina fundo kila hatua moja, na kwayo Mzee Yohana alipanga bustani ya miche ya shule. Sheria yake ilikuwa moja tu: miche hupandwa kwa mraba kamili. Ikiwa mitatu upande huu, basi mitatu upande ule, jumla tisa. Mraba ukiwa kamili, alisema, unahesabu upande mmoja tu na unajua kama mbuzi amepita. Safu yenye pengo hakuitaka kabisa, aliiita mdomo wa kibogoyo. Na kila mraba ulizungushiwa boma lake la miiba, kwa hiyo miraba ikizidi, miiba nayo inazidi, na wanaokwenda kuikata ni watoto. Ndiyo maana kazi ya mwalimu wa hesabu ilikuwa kuigawa miche katika miraba michache iwezekanavyo.

"Sasa utaanzaje?" akaniuliza siku ile ya kwanza. Kulikuwa na miche thelathini.

Nikasema sijui.

"Unaanza na mkubwa. Chakula kikija, nani ananawa kwanza? Mkubwa. Salamu anapewa nani kwanza? Mkubwa. Basi na hesabu ni hivyohivyo. Tafuta mraba mkubwa unaoingia, uupe nafasi yake, halafu unaoufuata, halafu unaofuata." Tano kwa tano, ishirini na tano. Ikabaki mitano. Mbili kwa mbili, minne. Ukabaki mmoja, na mmoja nao ni mraba, moja kwa moja. Maboma matatu. Niliona ni maarifa makubwa, nikayaweka moyoni kama sala.

Siku ya Uhuru tulipanda miche hamsini mbele ya shule, arobaini na tisa katika mraba mmoja na mmoja peke yake, ambao tuliuita Mgeni Rasmi. Mgeni Rasmi aliliwa na mbuzi kabla ya Krismasi. Mzee Yohana alipostaafu alinikabidhi ile kamba mkononi, akasema, "Mkubwa kwanza, usisahau." Sikusahau. Huo ndio msiba wenyewe.

Baada ya Azimio nilihamishiwa Mikumi, nikapewa shule kuiongoza. Elimu ya kujitegemea ilikuwa imepamba moto, shamba la shule lilikuwa ndiyo shule yenyewe. Kwa wale mtakaopangiwa huko nawaambia mapema: nyani wa Mikumi hawana adabu. Mbuzi anakula mche kwa njaa. Nyani anaung'oa, anautazama mzizi, anautupa, anakuangalia usoni. Boma la miiba pale halikuwa mapambo, na mche mmoja ulitaka boma lake kama ilivyotaka miche mia.

Ndipo ikaja ile miaka ya kila mtoto lazima asome, na walimu hawatoshi. Tukaletewa vijana waliomaliza darasa la saba, wafundishe huku wanajifunza. Mmoja wao alikuwa Mwanahawa, binti wa Mabwerebwere, mwembamba, kitambaa kichwani, kicheko chake unakisikia hadi barabara kuu yanakopita malori ya Zambia. Mimi ndiye niliyepaswa kumlea kikazi. Nilimpa chaki tatu na watoto sabini nikasema moyoni, haya, darasa la saba linafundisha darasa la tatu, tutaona.

Tuliona. Mwezi wa pili wake bwana shamba alituletea miche ishirini na mitatu ya michungwa. Nikasimama mbele ya watoto na kamba yangu. Mkubwa kwanza: nne kwa nne, kumi na sita. Imebaki saba. Mbili kwa mbili, nne. Imebaki mitatu, kila mmoja peke yake. "Miraba mitano," nikatangaza. "Maboma matano. Panga mkononi, twende."

"Samahani, mwalimu," Mwanahawa akasema kutoka nyuma. "Tukiiacha ile kumi na sita?"

"Tuiache? Tuipeleke wapi?"

"Tuanze na tisa. Tisa mbili, kumi na nane. Nne, ishirini na mbili. Na mmoja. Maboma manne, mwalimu, watoto wapunguziwe miiba."

Nilihesabu kwa vidole mgongoni. Kweli. "Na mkubwa je?" nikamuuliza, maana sikuwa na jingine la kusema.

"Mkubwa asubiri kidogo, mwalimu."

Watoto walicheka hadi wakainama. Nami nikacheka, kicheko cha meno tu.

Wiki mbili baadaye ikaja miche thelathini na miwili. Nikaanza na ishirini na tano, nikafika tena kwenye mitano. Hakusema kitu safari hii, aliogopa kuniaibisha, akachora tu chini kwa kijiti: kumi na sita, na kumi na sita. Miwili! Lahaula! Ningependa aniumbue kwa maneno kuliko kunionea huruma vile. Mtu akikushinda kwa kelele una la kumjibu. Akikushinda kwa heshima utafanya nini?

Wengine husema wivu uko moyoni. Wangu ulikaa tumboni, chini kidogo ya mbavu. Ukuta wa darasa langu na lake ulikuwa mmoja. Nikimsikia anacheka na watoto, chaki inanikatikia mkononi. Kilichoniuma zaidi si kwamba alijua. Kilichoniuma ni kwamba mimi nimeishika kamba ile miaka kumi na tano, nimepanda miche mingi kuliko nywele zangu, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza swali alilojiuliza yeye ndani ya miezi miwili: je, ipo namba inayokataa miraba minne, inayodai mraba wa tano?

"Nimeitafuta, mwalimu, siioni," aliniambia. "Nimefika mia tatu."

Nikamwambia nitamtafutia mimi. Kuanzia hapo kila Jumamosi, baada ya kazi za shamba, nilimpa kipande cha karatasi chenye namba. Sabini na tisa ilinichukua siku tatu kuichagua, kwangu ilitoka mitano safi. Aliirudisha kabla sijamaliza uji: arobaini na tisa, ishirini na tano, nne, moja. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake," mke wangu aliniambia nilipomlalamikia. Nilimwambia nywele zangu zinanitosha.

Siku moja aliniletea kubwa zaidi. "Mwalimu, nimeona jambo. Mraba wowote ukiugawanya kwa nane, kinachobaki ni sifuri, au moja, au nne. Hakuna kingine. Sasa chukua mabaki matatu ya namna hiyo ujumlishe. Saba huipati. Jaribu."

Nilijaribu. Moja na moja na nne, sita. Nne na nne na sifuri, nane. Saba haikuja.

"Basi namba yoyote inayobakiza saba haiwezi kukaa kwenye miraba mitatu kamwe. Saba, kumi na tano, ishirini na tatu ile ya michungwa, zote zinataka minne. Hilo nimelijua sababu yake. Lakini kwa nini hakuna inayotaka mitano, hilo bado. Nimefika elfu moja sasa, naona tu kwamba hakuna. Kuona si kujua."

Kuona si kujua! Binti wa darasa la saba, ananiambia mimi. Nilimpongeza, nikaenda kusimama nyuma ya choo cha walimu hadi pumzi zikanirudi.

Mwaka huo akaja Mkaguzi kutoka Kilosa. Aliyaona maboma, akauliza mbona yamekaa kwa utaratibu ule, na Mwanahawa akamweleza palepale, mikono ina udongo. Mkaguzi alikuwa mtu mwema. Akasema chuo cha Morogoro kinachukua mwalimu mmoja kutoka wilayani kwenda kusomea hesabu miaka miwili, naye angependa kumpendekeza huyu. "Yaandike haya yote, mwalimu, uyapitishe kwa Mwalimu Mkuu wako, yanifikie kabla ya mavuno." Ndivyo kazi yetu ilivyo hadi leo: mwalimu hamwandikii mkubwa barua moja kwa moja, hupitisha kwa mkuu wake. Na mkuu wake nilikuwa mimi.

Aliniletea daftari baada ya wiki moja, limevalishwa karatasi ya kaki, mwandiko umenyooka. Alilishika kwa mikono miwili. "Mwalimu, nakuomba ulisome kwanza. Ukiona kosa unisahihishe, ndipo liende."

Nililiweka kabatini chini ya vitabu vya mahudhurio. Nilijiambia silizuii, nalihakiki. Mkuu akipitisha kitu chenye kosa, lawama ni zake, mkubwa jalala. Nikaanza kuhakiki, maana yake nikaanza kuutafuta mraba wa tano kwa nguvu zangu zote, nikiandika katika kurasa tupu za nyuma za daftari lake mwenyewe.

Na nikaupata. Mia mbili ishirini na nne. Nilianza na kumi na nne kwa kumi na nne, mia moja tisini na sita, ikabaki ishirini na nane. Ishirini na nane niliigeuza huku na huku, haikukubali miraba mitatu. Nikateremka hadi kumi na tatu: mia moja sitini na tisa, ikabaki hamsini na tano. Nikaigawanya kwa nane, ikabakiza saba! Kwa kanuni yake mwenyewe, miraba mitatu haiwezekani. Niliruka pale ofisini kama mtoto aliyeona mwezi wa Idi. Nikaandika kwa herufi kubwa: 224, MITANO, nikapiga mstari mara mbili.

Mtaniuliza, mbona hukumwonyesha? Nilikuwa naogopa. Niliogopa ataitazama kidogo, aseme samahani mwalimu, aivunje mbele ya watoto. Nikaona afadhali niwe na namba yangu kabatini kuliko kuitoa nje ikafa. Mavuno yakaja. Morogoro akaenda mwalimu mwingine, sikumbuki hata wa shule gani.

"Mwalimu, majibu hayajafika?" alikuwa akiniuliza.

"Bado, Mwanahawa. Serikali ina mambo mengi."

Mwaka uliofuata aliuliza tena, na uliofuata. Halafu akaacha kuuliza. Kuacha kwake kuliniudhi kuliko kuuliza, kwa sababu sasa swali lilibaki kwangu peke yangu. Aliendelea kufundisha, alikuwa bado anacheka, ila zile karatasi za Jumamosi alisema hana nafasi nazo.

Mwaka wa sita tangu nilifungie daftari kabatini nilikwenda Morogoro kwenye semina ya walimu wakuu. Mkufunzi wa hesabu alikuwa mzee mwenye miwani minene. Wakati wa chai nikamuuliza, kana kwamba nauliza hali ya hewa, kama ipo namba inayohitaji miraba mitano. Akacheka. "Haipo. Wataalamu walilithibitisha hilo zamani mno, hata babu yangu hajazaliwa. Minne inatosha kwa namba zote. Ukitaka michemraba, yaani namba izidishwe kwa nafsi yake mara tatu, hapo tisa inatosha. Hebu nipangie ishirini na tatu kwa michemraba."

Nikaanza na mkubwa: nane, nane tena, halafu moja saba. Tisa. "Barabara!" akasema. Ndiyo siku pekee mkubwa kwanza hakuniangusha, nami nikafurahi kama mjinga. Nilifurahi vilevile kwamba Mwanahawa hakuwa wa kwanza duniani, kuna waliomtangulia na wamekwisha oza.

"Lakini swali hili umelitoa wapi?" akauliza.

"Kuna mwalimu mmoja Mikumi aliliona kwenye miche." Na kwa sababu mdomo hauna breki, nikamwambia na lile la nane na saba.

Mzee akavua miwani. "Peke yake? Amesoma hadi wapi?"

"Darasa la saba."

"Mlete. Nitamtafutia nafasi wiki hii hii."

"Alishaacha kazi," nikasema. "Aliolewa, akahama."

Yule mzee akasikitika kwelikweli, akasema hasara iliyoje. Mwanahawa saa ile alikuwa Mikumi, chaki mkononi, anafundisha darasa lake na langu pia, kwa sababu mimi nilikuwa semina. Na kuhusu mia mbili ishirini na nne sikumuuliza mkufunzi. Nilikwishajua ni ya uongo, lazima iwe ya uongo, ila sikujua uongo wake uko wapi. Niliporudi nyumbani niliijaribu tena, kumi na nne, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tatu. Haikufunguka, nami nikaishi nayo miaka mitatu zaidi.

Mwezi uliopita ikawa zamu yangu kukabidhi ofisi. Barua ilisema anayepokea ni Mwalimu Mwanahawa. Asubuhi ile nilifika mapema nikiwa na kiberiti mfukoni. Sitawaficha. Nililitoa daftari, nikalifungua, na nikashindwa kulichoma. Msinisifu. Sikuhurumia kurasa zake, nilihurumia zangu. Mle ndani ndimo ilimokuwa namba pekee niliyoitafuta mwenyewe maishani.

Basi nikaliandika kwenye orodha ya makabidhiano: majembe, kengele, kamba ya katani moja, kabati moja, daftari moja la Mwalimu Mwanahawa.

Aliingia akaniamkia shikamoo kama siku zote. Akaipitia orodha kwa kidole, kitu kimoja kimoja, hadi mstari ule. Kidole kikasimama. Nikamsukumia daftari juu ya meza. Akatazama kaki, iliyokuwa imeliwa na mende pembeni, akalifungua, akafungua ukurasa baada ya ukurasa bila kusema, hadi akafika kwenye mwandiko wangu.

"Hii ni yako?"

"Yangu."

"Ulianza na kumi na nne."

"Ndiyo."

"Ukashuka kumi na tatu." Akasoma zaidi. "Kumi na mbili je?"

Wallahi, vijana wangu, kumi na mbili sikuwahi kuijaribu. Miaka tisa! Kuushusha mkubwa ngazi moja niliona nimeshanyenyekea vya kutosha.

Akachukua kalamu nyekundu. Kumi na mbili kwa kumi na mbili, mia moja arobaini na nne. Nane kwa nane, sitini na nne. Nne kwa nne, kumi na sita. Akapiga mstari chini: mia mbili ishirini na nne. "Mitatu, mwalimu. Hata minne haikufika."

Nikamweleza, basi. Kabati, Mkaguzi, yule mzee wa Morogoro na nilichomwambia. Nilimweleza kwa ufupi. Nilitegemea anipigie kelele, na ningeshukuru. Akakaa kimya, kisha akasema taratibu, "Nilidhani walilisoma. Miaka yote hii nilidhani walilisoma wakaona ni mambo ya kitoto, ndiyo maana hawakujibu. Nikaacha."

Alikuwa na miaka ishirini na miwili aliponiletea daftari lile. Nikimfikiria amekaa mahali fulani akiniandikia ile kanuni yake ya nane, bado namwonea wivu, na sasa namwonea wivu hata ukimya wake wa siku ile, maana mimi nisingeuweza.

Akaweka sahihi kwenye orodha, nimepokea, jina, tarehe. Halafu akarudi kwenye ukurasa wangu, akaandika maneno mawili kwa wino mwekundu chini ya hesabu, kama tunavyowaandikia watoto, akanirudishia daftari. Nimelisoma mara nyingi tangu siku hiyo. Ameandika: *Fanya masahihisho.*

Ile ya mia mbili ishirini na nne niliisahihisha palepale. Yaliyobaki ndiyo haya mliyoyasoma, na nakala ya kwanza nimempelekea yeye, ayasahihishe.